Fundi wa Matondoni aliyekataa kuketi

Katika miji yetu ya pwani kuna neno ambalo husemwa kwa mapenzi na bado humchoma anayeambiwa. Neno lenyewe ni "Pumzika, mzee." Mwana humwambia babake, mke wa mwana humwambia mkwewe, hata jirani apitaye njia naye hulitupa. Anayelisema huona ametimiza haki ya mzee. Anayeambiwa, ikiwa nguvu zake na akili zake zingalipo, husikia jingine kabisa: kwamba siku zake za kuhisabiwa miongoni mwa watu zimekwisha, na sasa ahamie barazani na tasbihi yake akangoje.

Babu yangu mzaa baba aliambiwa neno hilo kwa muda usiopungua miaka 10, na kila alipoambiwa aliitikia "Inshallah", kisha akaenda zake kazini. Alikuwa fundi wa kuunda vyombo vya baharini huko Matondoni, katika kisiwa cha Lamu. Alifariki mwaka wa 1986, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiwa na umri uliopita miaka 80. Nasema "uliopita" kwa kuwa mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Mwenyewe akisema kwamba katika vita vya kwanza vya Wajerumani alikuwa mtoto wa kutumwa maji na mafundi, basi wenye hesabu na wahesabu.

Wasomaji wasiofika Lamu huenda hawajui Matondoni iko wapi. Mji wa Lamu umeelekea kisiwa cha Manda; Matondoni iko upande wa pili wa kisiwa, mwendo wa maili 4 hivi kwa njia ya mchanga inayopita katikati ya mashamba ya minazi na miembe. Wanawake wa huko ni hodari wa kusuka mikeka na mikoba. Wanaume huvua, hukata boriti, au huunda vyombo. Sisi tulikaa mjini kwa sababu ya shule, lakini kila likizo nilipelekwa Matondoni, na wakati mwingine babu mwenyewe alikuja kunichukua kwa miguu, akaswali adhuhuri mjini, akanunua misumari, tukarudi pamoja kabla ya magharibi. Alikuwa na miaka 70 na kitu. Mimi nilikuwa na miaka 9, na ndiye mimi niliyeomba tupumzike njiani.

Safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko ilivyopasa, kwa kuwa babu hakutazama chini alipotembea. Alitazama juu, kwenye matawi. Anayejenga nyumba hutaka mti ulionyooka, lakini muunda chombo hutafuta uliopinda, maana mataruma, zile mbavu za chombo zinazoshika mbao kwa ndani, hufaa zaidi yakitoka katika mti uliopinda wenyewe. Mti ukipindwa na Mungu nguvu yake hufuata mzingo. Ukipindwa kwa msumeno umekwisha katwa mishipa. Basi babu alisimama chini ya mti wa mtu, akaukazia macho, akasema, "Lile ni taruma la omo," akaendelea. Baada ya hatua 100 akasimama tena. Siku moja mwenye shamba alitoka na fimbo akidhani tunapiga hesabu ya maembe yake. Alipomtambua babu aliteka, kama wasemavyo watu wa Amu, akatupa maembe manne ya bure.

Kiwanda chake kilikuwa banda la makuti ufuoni, lisilo na ukuta hata mmoja. Humo hamkuwa na karatasi. Chombo hakikuchorwa. Babu alikuwa na uzi, shibiri ya mkono wake na dhiraa yake, na chombo kizima kilikuwa kichwani mwake kabla mkuku haujalazwa. Kulaza mkuku kulikuwa na adabu zake: Fatiha ilisomwa, udi ukafukizwa, kahawa ikanywewa, na mwenye chombo akatoa kidogo alicho nacho. Mkuku ukiwa wa mbambakofi mafundi walifurahi. Usipopatikana walitumia kilichoko. Baada ya hapo husimamishwa omo na tezi, zikaja mbao moja moja, na kiunzi kikaanza kuonekana kama samaki aliyeliwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kwenye keekee. Kwa vijana wasioijua, keekee ni chombo cha kutobolea mbao kinachoendeshwa kwa uta, mkono mmoja ukishika kichwa chake na mwingine ukivuta na kusukuma. Kila msumari ulitobolewa tundu lake kwanza ili ubao usipasuke, na kichwa cha msumari kikavishwa pamba iliyochovywa mafuta. Kisha ikaja kalafati. Pamba ilisokotwa, ikatiwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo ya mti katika kila mwanya baina ya mbao. Mwisho chini ya chombo hupakwa deheni, ambayo ni chokaa iliyopondwa na shahamu, kuzuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, na juu hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, ambayo harufu yake haitoki katika nguo hata ufue mara ngapi. Nyanya alikuwa na kamba yake maalumu ya kuanikia kanzu za babu, mbali na nguo za watu wengine.

Mambo hayo yote ameyapanga kwa ushairi marehemu Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka wa 1927 na kufariki mwaka wa 2017. Utungo wake uitwao Sambo ya Kiwandeo, uliochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka wa 1979, unaeleza jinsi jahazi la Lamu linavyoundwa, na majina ya sehemu zake. Sheikh Nabhany naye hakuwa mtu wa kuketi. Alikusanya maneno mpaka uzeeni, na hilo neno "runinga" tunalolitamka kila siku ni lake. Nalitaja ili msomaji asidhani kuwa ukaidi wa babu yangu ulikuwa wa peke yake. Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki Aprili 2013, aliimba jukwaani akiwa na miaka ambayo wengine wetu hatutaifikia. Kuna wazee wa namna hii katika kila mtaa, ila wengi wao hawaandikwi.

Sasa nije kwenye mvutano wenyewe.

Ami yangu mkubwa alifanya kazi Mombasa, na alikuwa mwana mwema, hilo lisikosewe. Mwaka wa 1979 alikuja Lamu akamwambia babu kuwa amemtengea chumba katika nyumba yake ya Mji wa Kale, chumba chenye dirisha la kutazama bahari, na kwamba yeye na nyanya wahamie huko wakale raha. Babu hakupenda kumvunja mwana moyo. Alikwenda, akakaa siku 40. Kwa kuwa hakuwa na kazi, kila asubuhi baada ya kahawa alishuka Bandari ya Kale kutazama majahazi, akawa anawaonyesha manahodha asiowajua mahali kalafati ilipolegea. Wengine walishukuru. Wengine walimwambia neno lile lile la kupumzika.

Miaka hiyo wazamiaji walikuwa wakichimbua, mbele ya Fort Jesus, mabaki ya merikebu ya Wareno iitwayo Santo António de Tanná, iliyozama mwaka wa 1697 wakati ngome ilipokuwa imezingirwa na watu wa Oman. Kazi hiyo ilianza mwaka wa 1977 na kumalizika 1980. Babu alisikia kwamba chini kule, ndani ya matope, mbao zingalipo baada ya miaka karibu 300. Habari hiyo ilimkosesha usingizi. Hakuuliza habari za mizinga wala za vyungu. Aliuliza merikebu iliundwa wapi. Alipoambiwa iliundwa Bara Hindi alisema, "Basi ni msaji," akatulia. Alikwenda kukaa ufuoni siku nyingi akiwatazama watu wakizama na kuzuka, na jioni alimweleza ami, kwa furaha ya mtu aliyepata ujumbe kutoka kwa fundi mwenzake, kwamba chombo kikiundwa sawasawa hakifi hata kikizama.

Siku ya 41 aliomba nauli. Walipanda basi yeye na nyanya, wakavuka Mto Tana kwa kivuko cha Garsen, wakafika Mokowe usiku, na asubuhi wakaingia Amu kwa mashua. Ami alihuzunika. Tangu siku hiyo akawa anamtumia babu shilingi 200 kila mwezi, kwa mkono wa madereva wa mabasi, na kila mara ujumbe ulikuwa mmoja: hizi ni za kula, usijichoshe.

Kisha wakati ukabadilika. Mwaka wa 1982 serikali ilipiga marufuku kusafirisha boriti za mikoko nje ya nchi. Boriti za Lamu zilikuwa zimeezeka nyumba za Bara Arabu na Ghuba kwa karne nyingi. Hata vyumba vyetu wenyewe vya Lamu ni vyembamba kwa sababu boriti haizidi urefu wake. Sitaki kuingia katika hoja ya mikoko, kwani mikoko nayo ina haki ya kuhifadhiwa na samaki huzaliana humo. Lakini kwa mafundi wa Matondoni maana yake ilikuwa wazi. Asiye na shehena hanunui jahazi. Maombi ya vyombo vikubwa yalikatika, na zikabaki mashua za wavuvi na madau ya kutengenezwa hapa na pale. Vijana waliokuwa wakijifunza kazi wakaanza kuondoka.

Na babu naye jicho lake la kushoto likaingia mtoto wa jicho. Mwaka wa 1983, alipokuwa akichonga ubao, tezo iliteleza ikamkata muundi. Alishonwa nyuzi 7. Ami alipopata habari alipanda basi siku iyo hiyo.

Kikao kilifanywa ukumbini baada ya isha. Baba alikuwepo, ami, shangazi zangu wawili, na nyanya alikuwa ndani nyuma ya pazia. Sisi watoto tulikuwa tumelazwa, jambo ambalo halimzuii mtoto kusikia. Ami alisema kwa heshima, lakini alisema yote. Alisema jicho limeharibika. Alisema tezo haina huruma. Mwisho akasema lile lililokuwa likimuuma zaidi: "Baba, watu wasema sisi wanao tumeshindwa kukulisha." Kwa aliyezaliwa pwani, hilo si neno dogo. Mzee anayeonekana kazini juani ni lawama inayotembea juu ya vichwa vya wanawe, hata kama wanawe hawana kosa. Ami alikuwa na haki, na hofu yake ilikuwa na sababu ya nyuzi 7.

Babu alikaa kimya kitambo. Kisha akajibu kwa Kiamu chake: "Chakula mwanipa, na mimi nashukuru. Lakini mikono nayo ina ndaa yake." Akaulizwa kama hachelei kufa na tezo mkononi. Akasema, "Mauti yayua ndia. Hata nikiketi ndani yatanipata."

Hapo nyanya, ambaye hakuwa ameombwa ushauri, alisema kutoka nyuma ya pazia: "Mkimketisha ndani ya nyumba hii kutwa nzima, nitakayeugua ni mimi." Shangazi walicheka, na kicheko hicho ndicho kilicholainisha kikao. Wakapatana. Babu hatashika tezo tena wala hatapanda juu ya chombo. Ufunguo wa sanduku la zana atauweka nyanya. Binamu yangu, kijana wa miaka 20, atafanya kazi ya mikono, na babu atakaa bandani chini ya kivuli asokote pamba na kuelekeza.

Mapatano yalishika, kwa kiasi cha kibinadamu. Nyanya alipoulizwa ufunguo uko wapi alikuwa na desturi ya kusahau. Lakini ninalolikumbuka zaidi katika miaka ile mitatu ya mwisho ni jinsi babu alivyoikagua kazi ambayo hakuiona vizuri. Alipitisha kiganja juu ya ubao kama mtu anayepapasa paji la mtoto mwenye homa, na mahali palipoinuka upana wa uzi alisimama. Kalafati aliikagua kwa sikio. Binamu akigonga, babu akiwa amefumba macho, sauti ya nyundo ilikuwa nene pale pamba iliposhiba, na nyembamba pale ilipopungua. "Rudi," babu alisema. "Hapo una ndaa." Binamu aliapa kuwa ameshindilia vyema. Alirudi, akachokoa, akakuta pamba imekunjamana nje na ndani ni tupu. Sijui kitabu kinachofundisha jambo hilo, na binamu yangu, ambaye leo ndiye mzee, naye hukagua hivyo hivyo.

Watu husema kazi hii imekufa. Haikufa, ila imepungua sana. Boti za faiba na injini zimeingia, mbao ni ghali, na bandari kubwa ya Lamu iliyofungua gati lake la kwanza mwaka wa 2021 imeleta meli ambazo babu asingejua aanze kuzipapasa wapi. Mji wenyewe wa Lamu uliingizwa mwaka wa 2001 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, jambo la fahari, ingawa nyumba huhifadhiwa kwa urahisi kuliko mkono wa fundi. Na mwaka wa 2018 mafundi wa Lamu walishua jahazi lililoundwa kwa takataka za plastiki zilizoyeyushwa, liitwalo Flipflopi, ambalo mwaka uliofuata lilisafiri hadi Unguja, mwendo wa kilomita 500 na zaidi. Mbao za plastiki, mataruma ya plastiki, ufundi wa zamani! Nadhani babu angelipapasa, akalinusa, akauliza kama nalo hutiwa sifa.

Nirudi kwenye mwaka wa 1985. Bandani palikuwa na mashua ya dhiraa 12, iliyokuwa ikiundwa polepole mno. Sote tulidhani ni ya mteja asiye na haraka. Ami alikuja Lamu kwa Maulidi, akapita Matondoni kuwaamkia wazee, akaizunguka mashua ile akaisifu. Ilikuwa na omo nzuri iliyoinuka bila kiburi. "Ya nani hii, baba?"

"Ya kwako," akasema babu.

Shilingi 200 za kila mwezi, zile za kula, hazikuliwa. Nyanya alizitunza katika kitambaa, na kila zilipokusanyika babu alinunua mbao, misumari, pamba. Ami yangu, ambaye bahari aliijua kwa kuitazama dirishani tu na hakuweza hata kuogelea, alikuwa amemiliki chombo tangu siku mkuku ulipolazwa. Alisimama pale muda mrefu mkono wake uko juu ya ubao. Baba yangu, aliyekuwa karibu naye, alisema baadaye kwamba hakuwahi kumwona nduguye akikosa la kusema.

Walizungumza wawili wao mpaka adhana ya alasiri. Ami aliuliza atafanya nini na mashua Mombasa. Babu alikuwa na jibu tayari. Palikuwa na jirani, mvuvi mwenye watoto watano, aliyekuwa akivua katika chombo cha watu na kugawiwa fungu dogo. Apewe yeye, kwa shilingi 4,000, alipe kidogo kidogo kwa kadiri bahari itakavyomjaalia, bila ziada. Wakapeana mkono mbele ya mashahidi.

Babu hakuiona ikishuliwa. Mwanzoni mwa mwaka wa 1986, wakati wa kaskazi, alipata homa siku tatu. Siku ya pili alimwita binamu akamuuliza kama deheni imekauka. Usiku wa kuamkia Ijumaa alifariki, na baada ya swala ya Ijumaa akazikwa Matondoni. Kaburini iliulizwa kama ilivyo ada: anayemdai marehemu na ajitokeze. Mwenye duka la misumari wa mjini alisema alikuwa akimdai shilingi 60, na kwamba amesamehe. Ami alikataa msamaha huo, akahesabu shilingi 60 pale pale.

Mashua ilishuliwa baada ya khitma. Watu walikuja wengi, wakaivuta juu ya magogo, na ilipofika majini ilikaa wima wala haikuvuja. Binamu aliingia chini na kukaa humo muda mrefu akitafuta ngama, akatoka na mkono mkavu.

Ami alisema malipo yasipelekwe kwake, yapelekwe kwa nyanya. Mvuvi alilipa kwa fedha alipokuwa nazo, na alipokuwa hana alilipa kwa samaki: changu, tafi, mara pweza, na siku moja nguru mzima aliyelisha nyumba tatu. Nyanya hakujua kuandika. Alichukua uzi wa babu wa kupimia, na kila malipo ya shilingi 50, au samaki wa thamani hiyo, alifunga fundo. Akipokea samaki alimpima kwa macho, akataja bei, na mvuvi hakubishana naye hata mara moja. Fundo la 80 lilifungwa baada ya miaka minne, katika mwezi wa Rajabu. Nyanya alimwita mvuvi ndani, akamhesabia mafundo yote mbele ya binamu, akampa uzi ule.